Mafindofindo ya Kapteni

Lavington, Nairobi
Jumapili, 3 Machi 1968

Mama Virginia,

Kwa niaba ya nyumba hii, yaani mimi mpishi, Kihara wa bustani na kuku saba, nasikitika kutangaza rasmi kwamba Kapteni ameshikwa na mafindofindo. Tangazo lilisomwa jikoni leo saa tatu asubuhi, wote tukiwa tumesimama. Kihara alivua kofia. Kuku hawakuonyesha huzuni yoyote.

Usicheke. Kapteni ndiye yule mbwa wa Bibi Harwood mwenye masikio marefu kama mikono ya kanzu. Anakula vizuri kuliko mimi, na analala kwenye kiti ambacho mimi hata miguu ikiniwaka siwezi kukikalia. Bibi mwenyewe yuko Uingereza kwa dada yake mpaka mwezi wa tano. Alipoondoka hakuniambia nitunze nyumba. Aliniambia, "Tobias, Kapteni." Basi.

Tangu Alhamisi anakohoa kama mzee wa kanisa anayetaka watu wanyamaze. Anakaza shingo, anataka kutapika, halafu kinatoka kipovu cheupe tu. Anaiendea sahani, ananusa, analamba midomo, anameza mate kwa shida, kisha ananitazama kana kwamba mimi ndiye nimemharibia koo. Nilifikiri amekwamwa na mfupa. Nikamfungua mdomo nikaingiza vidole viwili kuutafuta. Mfupa haukuwepo. Meno yalikuwepo.

Jana tulimfikisha kwa Daktari Thuo, kijana wa mifugo mwenye kliniki pale Westlands. Amesema ni mafindofindo, amemdunga sindano, na amenipa vidonge vya siku kumi na nne, asubuhi na jioni, bila kuruka hata kimoja.

Sasa sikia lile neno ambalo nimelizungusha muda wote huu. Nilikwambia Jumamosi tarehe tisa nitakuwa Yala ili tupande. Sitaweza. Dawa ikiisha nitakuja. Mwambie Mama asikunje uso, na mdogo wangu Nashon na mkewe Peres wavumilie kidogo.

Msalimie Virginia Awiti wetu. Mwambie baba yake sasa ni nesi.

Mumeo,
Tobias Odhiambo


Yala
Jumamosi, 9 Machi 1968

Baba Virginia,

Barua yako ilifika jana, na mvua ilifika juzi. Afadhali ingekuwa kinyume.

Nimecheka, sitakudanganya. Awiti amecheka mpaka akaanguka kwenye gunia. Halafu nikatoka nje, nikamkuta Peres amekaa kwenye jiwe langu la kufulia, jembe limelala mapajani. Akaniuliza, "Mama Virginia, shemeji amefika?" Nikamwambia shemeji yake anamlisha mbwa vidonge. Akaliangalia jembe, akasema, "Haya."

Ninyi Wajaluo mna mambo. Mimi nilizaliwa Bungoma. Kwetu mvua ikinyesha, mwenye jembe anapanda, na mwenye uvivu anatafuta sababu. Lakini niliolewa hapa nikafundishwa: mama wa boma hutangulia, kisha nyumba ya mtoto wa kwanza, kisha wengine. Na nyumba ya mtoto wa kwanza haiwezi kushusha mbegu mpaka mwenye nyumba alale nyumbani mwake usiku ule, na kesho yake mke ndiye atoke na kikapu. Mama yako ameshapanda kipande chake tangu jana asubuhi. Sasa ni zamu yetu. Mimi siwezi kwa sababu wewe hupo, na Nashon na Peres hawawezi kwa sababu mimi sijaweza. Kwa hiyo boma zima limefungwa mlango na koo la mbwa wa Lavington.

Pasta anasema hayo ni mambo ya kale, nipande tu. Mama yako alimsikiliza kwa adabu, akampa chai, akamsindikiza mpaka njiani, aliporudi akaniambia, "Hutapanda."

Kwani Kihara hana mikono? Si ampe yeye hivyo vidonge?

Mimi sijambo. Tangu mwezi wa nane uliponiacha nimekamuliwa kama kitambaa pale hospitali, sasa mwili umerudi. Nabeba debe la maji kutoka mtoni bila kupumzika njiani. Pale tulipomlaza mtoto nyasi zimeota vizuri, sizing'oi. Krismasi hukuja, ukasema Bibi ana wageni, na mimi sikusema neno. Nakuandikia haya ya mwili wangu ili ujue.

Mpe Kapteni pole. Mwambie mimi niliolewa na mwanamume, sikuolewa na mbwa, lakini naanza kuona tumeolewa nyumba moja.

Namalwa


Lavington
Alhamisi, 14 Machi 1968

Mama Virginia,

Nimefurahi sana kusikia habari ya debe la maji.

Kuhusu Kihara: ana mikono, lakini Kapteni ameshauonja mmoja. Alipojaribu kumtumbukizia kidonge, mbwa alikitema kidonge akashika dole gumba. Tangu hapo Kihara anampigia saluti kutoka upande wa pili wa ua. Kwa hiyo ni mimi.

Ngoja nikueleze safari yetu ya Westlands, maana najua Awiti ataitaka. Mbwa mwenye koo bovu haruhusiwi kufungwa ukanda shingoni, unamkaba. Kumwachia atembee bila ukanda, kwa magari ya hawa mabwana, ni kumwua. Basi tulimlaza kwenye wilbaro ya Kihara juu ya mto wa Bibi, mimi nikasukuma na Kihara akatangulia kama tarishi. Tulishuka kwa barabara ya Muthangari. Pale njia panda wanawake waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma wakaacha kupepea mkaa. Mmoja, Waceke, anayenijua, akaita, "Mzee Tobias, huyo unampeleka kubatizwa?" Nikamjibu anakwenda hospitali. Akasema, "Mimi nina goti linaniuma mwaka wa pili. Nikiingia hapo kwenye wilbaro, utanisukuma pia?"

Daktari Thuo alimfungua mdomo kwa upole, akanimulikia tochi ndani, akasema, "Mzee, tazama." Huko nyuma ya ulimi, kila upande, mbwa ana kifuko kidogo kama mfuko wa shati, na ndani ya kifuko ndimo tezi inamokaa. Akiwa mzima hauioni. Ya Kapteni ilikuwa imetoka nje, nyekundu, imevimba, ina madoadoa. Kisha akanionyesha magego. Yamejaa ukoko. Alisema mara nyingi ugonjwa hauanzii kooni, unaanzia kwenye meno au tumboni, koo linapokea tu. Nikafikiri, kumbe hata mbwa, panapouma sipo palipoanzia.

Kidonge nakifunga ndani ya kipande cha ini. Chakula ni wali uliopondwa na supu ya kuku, vuguvugu, si moto. Mifupa hakuna, biskuti ngumu hakuna, kukimbia hakuna. Na hata akipona kesho, vidonge viendelee mpaka cha mwisho, kwa sababu huu ugonjwa ukiachwa nusu unarudi na ndugu zake. Ameanza kula. Jana alibweka mara moja, akashangaa mwenyewe.

Mimi sijashangaa na lolote, ila na mrenda, ile mboga yenu ya kuteleza. Nilinunua sokoni Westlands nikaupika kama unavyoupika wewe, nikatia magadi, nikakoroga. Ukakaa kwenye sufuria kama majani ya chai. Nilikula wote nikitazama ukuta. Namalwa, chumba changu ni kidogo, na kitanda ni futi mbili na nusu. Na bado kila siku nikiamka najikuta nimelala upande mmoja, nimekuachia nafasi.

Dawa itaisha Jumamosi hii. Nitakata tiketi ya gari-moshi la Ijumaa tarehe ishirini na mbili. Jumamosi asubuhi Kisumu, mchana Yala. Mwambie Peres anoe jembe.

Tobias


Yala
Jumanne, 19 Machi 1968

Baba Virginia,

Habari ya kitanda nimeisoma mara nne. Awiti ananiomba nimsomee barua zako, kwa hiyo pale nilimwambia umeandika kuhusu mbao.

Jogoo mwekundu nimemfungia. Mbegu nimezitoa kwenye majivu, nimezichambua, zilizotobolewa nimewapa kuku. Nashon amekaza kamba za kitanda chetu bila kuambiwa, akaondoka akipiga mluzi, nikamrushia kipande cha mkaa. Peres anakuja kila asubuhi na jembe. Ananisaidia kufagia, anakaa, anaondoka nalo. Mimi na jembe la Peres sasa tunajuana kama mabinti wa mama mmoja. Ukichelewa tena litaanza kuniita shangazi.

Majirani wote wamepanda. Mvua ni nzuri, inanyesha alasiri, asubuhi jua. Ukilala hapa Jumamosi, Jumapili nitatoka na kikapu kabla ya kanisa, na Jumatatu Peres ataingia kwake, na boma litapumua. Mpaka mwisho wa mwezi hatujachelewa. Baada ya hapo tutakuwa tunapanda kwa ajili ya ngedere.

Mwambie Kapteni namwombea. Kule kwetu mtoto akikohoa hivyo aliitwa mzee mmoja mwenye kisu chake, akamkata kimio kooni. Mimi nilikatwa nikiwa na miaka minne, na nakumbuka ladha ya kile kisu mpaka leo. Usimruhusu mtu amkate Kapteni. Maji vuguvugu yenye chumvi yatosha, kama mbwa anaweza kusukutua.

Kitu kimoja. Nilikuandikia habari ya mwili wangu, ukanijibu habari ya debe. Labda ulikuwa na haraka.

Nakungoja. Sijui kuandika neno hilo kwa mapambo.

Namalwa


Lavington
Jumatatu, 25 Machi 1968

Mpendwa mke wangu,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Najua Jumamosi mlinitazamia. Ni jambo la kusikitisha, lakini Kapteni alirudiwa siku ya Alhamisi. Alianza tena kukohoa na kutoa povu, mara tano au sita. Daktari Thuo alisema ni lazima jino ling'olewe, gego la nyuma upande wa kushoto. Liling'olewa Ijumaa saa kumi jioni, wakati ule ule ambao ningekuwa stesheni. Mzigo wangu nilikuwa nimeshaufunga.

Sasa anatakiwa kutazamwa siku kumi nyingine. Bibi Harwood ameandika kwamba anamtegemea mtu mmoja tu, ambaye ni mimi. Nikiondoka na mbwa akafa, kazi imekwisha.

Labda Mama anaweza kukubali mpande bila mimi mwaka huu. Pasta ameshasema. Nitamwandikia Mama mwenyewe nimweleze kwamba nimetoa ruhusa.

Wasalimie wote.

Wako,
Tobias Odhiambo


Yala
Jumapili, 31 Machi 1968

Baba Virginia,

Mwalimu Hannah, anayemfundisha Awiti, alikwenda Kisumu kuchukua chaki na vitabu vya shule. Alirudi Jumamosi ile tarehe ishirini na tatu kwa gari-moshi la Butere. Leo baada ya ibada amekuja kunisalimia, akaniuliza, bila ubaya wowote, kama umeshachoka kula jogoo.

Nikamwambia hukuja.

Akasema, "Lakini nilimwona." Alikuona kwenye jukwaa la stesheni Kisumu asubuhi, umevaa koti lako la kahawia, mkoba wako chini ya benchi. Alikuona umebeba kikapu cha mwanamke mwenye mimba kubwa, na ukampandisha yule mwanamke ndani ya behewa kwa mkono. Hannah alikuwa kwenye behewa la mbele. Aliposhuka Yala alikutafuta muongozane njiani, hakukuona. Alidhani umeshatangulia.

Kwa hiyo saa kumi jioni ya Ijumaa hukuwa unang'oa jino.

Jumamosi ile nilisikia gari-moshi likipiga honi pale darajani. Nilikuwa nimeoga. Awiti alikimbia mpaka barabarani. Mama yako alitoka akakaa nje, amejifunga kitambaa cha kanisani. Peres hakuja na jembe siku hiyo, alikuja na maziwa. Tulikaa hivyo mpaka jogoo akapoa, kisha Mama akasema tule, maana chakula hakina kosa.

Sijamwambia mtu habari ya Hannah. Hannah mwenyewe nimemwambia amekufananisha, na yeye ni mtu mzuri, amekubali kwamba labda amekufananisha.

Mahindi ya majirani yana majani mawili. Shamba letu lina magugu. Peres na Nashon wana watoto wanne wa kulisha na wanatungoja bila kulalamika, na mimi kila asubuhi naona aibu kuwatazama. Ruhusa yako niliisoma. Mama yako hataipokea, na mimi pia siitaki. Sikuolewa na ruhusa.

Nakuuliza jambo moja na unijibu kama mtu mzima. Kama kuna mwanamke mwingine, niandikie jina lake. Kama ni yule wa kikapu, na mimba ile ni yako, niandikie. Na kama hakuna mwingine, ila ni mimi niliyekuchosha, kwa sababu mara ya mwisho nilikupa kaburi badala ya mtoto, basi andika jina langu. Lolote utakaloliandika nitalisoma. Lakini usiniandikie tena habari za mbwa.

Namalwa


Kisumu, stesheni
Jumamosi, 6 Aprili 1968, asubuhi

Namalwa,

Barua hii sitaiposti. Nitakupa mkononi, kisha nitakaa nje kwenye jiwe lako la kufulia mpaka umalize. Nimejaribu kuyasema haya kwa mdomo tangu Nairobi, nimemsemea hata dirisha, na kila nikifika katikati nageuza utani. Unanijua. Mungu aliponiumba alinipa ulimi wa mzaha, akasahau kunipa mwingine.

Jina la mwanamke mwingine halipo. Yule wa kikapu simjui hata jina. Habari yake nitaifikia hapo chini.

Kapteni alipona tarehe kumi na sita, siku ya kidonge cha mwisho. Gego halikung'olewa. Lilisuguliwa ukoko tu, hilo gego, na mwenyewe anatafuna biskuti kama askari. Hajamuuma Kihara maishani mwake, na sasa hivi amelala kwa Kihara, kwa sababu ndivyo Bibi Harwood alivyopanga tangu mwezi wa pili. Aliandika, "Tobias aende kwao akapande, Kihara atamtunza Kapteni." Barua yake ninayo. Kwa hiyo hata siku kumi na nne za kwanza zilikuwa uongo, au nusu uongo. Mbwa alikuwa mgonjwa kweli, nami nilishukuru kwamba ni mgonjwa. Mtu wa kwanza Nairobi kufurahia mafindofindo.

Sasa sikia lenyewe. Mwezi wa nane, siku ile ulipokuwa umelala na damu inaingia kwa mpira, daktari aliniita kwenye ujia. Alisema, "Mama huyu tumemrudisha, lakini tumbo lake limepasuka na kushonwa. Akishika mimba nyingine, sidhani tutamrudisha." Aliniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Akaniambia nikueleze utakapopata nguvu. Ulipata nguvu. Sikukueleza. Nilirudi Nairobi nikaamua peke yangu kwamba dawa yako ni mimi nisiwepo. Krismasi Bibi hakuwa na mgeni hata mmoja. Nilipika bata wa watu wawili, yeye na Kapteni.

Halafu ikaja mvua na hii desturi yetu, kwamba nilale nyumbani. Namalwa, mimi najijua. Nikilala chumba kimoja na wewe baada ya miezi saba, nitawezaje kuwa mgeni? Na wewe unaniandikia kwamba mwili umerudi. Nilisoma mstari ule, ndipo nikakujibu habari ya debe. Sikuwa na haraka. Nilikuwa na hofu.

Utacheka hili, au utanipiga. Tarehe kumi na nane nilimpeleka Kapteni akaguliwe mara ya mwisho. Daktari Thuo akamtangaza mzima. Mimi sikuinuka kuondoka. Ndiye daktari pekee ninayemjua, nikamwuliza, "Daktari, mbwa jike akizaa vibaya, akashonwa tumbo, je, kuna njia akae na dume wake bila kushika mimba?" Akaniuliza, "Kapteni ana mke?" Nikasema hana. Akaiweka kalamu chini. Akauliza, "Mzee, huyo mbwa jike anaitwa nani?"

Nikasema, "Namalwa."

Hakucheka. Alisema, "Mimi ni wa ng'ombe na mbwa. Hilo si langu, na wala si la kuulizia kichochoroni." Akaniandikia kikaratasi, kliniki moja mjini, orofa ya kwanza juu ya duka la vitambaa, wanakosaidia wake na waume mambo hayo. Nilikiweka kikaratasi mfukoni nikaenda kukata tiketi badala yake. Niliona aibu kupanda ngazi zile. Nilidhani labda nikifika nyumbani ujasiri utanikuta huko.

Barua yako ilinikuta juzi Alhamisi. Mchana ule ule nilishuka mjini nikazipanda zile ngazi. Nesi anaitwa Wangeci, mtu mzima, miwani imemshuka puani. Alinisikiliza yote. Akauliza, "Na mama mwenyewe anasemaje?" Nikasema hajui. Alinitazama jinsi Peres anavyomtazama kuku aliyeingia mbogani. Akaniambia, "Baba, njia ziko kadhaa. Hiyo yako ya kujificha Nairobi haimo." Anakutaka wewe. Anasema ni mwili wako, wewe ndiye wa kuulizwa, wewe ndiye wa kuchagua, na daktari wao akupime. Mpaka hapo, alisema, mwanamume anaweza kulala nyumbani mwake akiwa na akili zake, hilo halijaua mtu.

Kwa hiyo kosa langu si mbwa. Kosa ni kwamba daktari alinipa habari ya tumbo lako, nami nikakaa nayo miezi saba kana kwamba ni yangu. Ukabaki unafikiri umenichosha. Sentensi ile ya kaburi nimeisoma, na siwezi kuiandika tena hapa. Hukunipa kaburi. Tulilichimba pamoja.

Mama anachotaka ni kuviona viatu vyangu mlangoni kesho asubuhi. Ndani ya mlango ni sisi wawili, na utakalosema ndilo. Ukisema nilale kwa Nashon, nitalala kwa Nashon, na nitamweleza Mama mimi mwenyewe kwa nini kikapu hakitoki. Ukisema niingie, nitaingia, nami nitalala nimevaa koti, na unaweza kumwita Pasta akae katikati. Baada ya kupanda, kama utakubali, tutarudi wote Nairobi kwa Wangeci. Nimemwandikia Bibi kwamba mke wangu atakaa chumbani kwangu mwezi mmoja. Sikuomba. Nimemwarifu.

Bado sijakueleza nilifanya nini hapa Kisumu siku ile. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Nilishuka asubuhi, nikanunua chai, nikakaa kwenye benchi hii hii kungoja gari-moshi la Butere. Nilikuwa nakuja. Nataka ulijue hilo, kwamba mpaka saa ile nilikuwa nakuja. Yule mwanamke akaja akakaa pembeni yangu, tumbo limefika magotini, anahema. Akasema, "Baba, nishikie kikapu, mgongo unanikatika." Nikakishika. Kilikuwa na viazi na nguo za mtoto, zimekunjwa vizuri, za manjano. Akaanza kunisimulia kwamba anakwenda kujifungulia kwa mama yake Luanda, na kwamba huyu ni wa tano, na wa nne alimtesa. Alikuwa akicheka. Mimi nilikuwa naangalia midomo yake tu, kwa sababu ilikuwa na rangi ile iliyokuwa kwenye midomo yako mwezi wa nane. Labda haikuwa hivyo. Labda ni mimi.

Gari-moshi likaingia. Nilimbebea kikapu, nikampa mkono akapanda, nikampakia kikapu juu ya kiti. Kisha nikashuka tena kuchukua mkoba wangu chini ya benchi. Nilirudi nao mpaka mlangoni. Kondakta akasema, "Mzee, panda, tunaondoka." Nikashika kitasa, nikaufunga ule mlango, nami niko nje.

Hilo ndilo lililotokea. Nilikaa hapo mpaka jioni nikapanda gari la kurudi Nairobi.

Nimeandika mistari hii ya mwisho mkono ukichezacheza, usiulaumu, ni reli. Leo nimepanda. Tumeshapita Luanda, kinachofuata ni Yala.

Tobias